GMT-Master II, Overseas au Aquanaut: ununue ipi ukitafuta saa ya nyakati mbili iliyokwishatumika

Ukisema unatafuta saa ya mkono ya kifahari lakini ya kimichezo, yaani ya chuma, isiyoogopa maji na inayoonyesha saa za mahali pawili kwa pamoja, watu wataanza kukutajia majina, na majina yenyewe hayatazidi machache. Rolex GMT-Master II. Vacheron Constantin Overseas Dual Time. Patek Philippe Aquanaut Travel Time. Zote tatu nimezivaa, nimezifungua mbele ya fundi, nimezinunua na kuziuza, na swali ninaloulizwa huwa lilelile: ipi bora?

Siku hizi nalijibu kwa maswali mawili. Saa ya pili unaitaka kwa kazi gani hasa? Na je, hiyo unayoonyeshwa, hiyo yenyewe iliyo mbele yako na si toleo lake kwenye picha za kampuni, imepita mikononi mwa nani na imefanywa nini? Swali la kwanza linakuchagulia toleo. La pili linakulinda usipoteze pesa, na kwa saa iliyotumika ndilo zito zaidi. Nimeona Rolex ya kawaida iliyotunzwa ikamfaa mtu kwa miaka, na nimeona Patek iliyochezewa ambayo nisingeichukua hata kwa nusu ya bei.

Msafiri, na yule anayepiga simu

Neno GMT, kifupi cha saa ya Greenwich, hubandikwa kwenye tangazo la saa yoyote yenye mshale wa ziada, wakati ndani ya neno hilo kuna saa za aina mbili.

Ya kwanza ni ya msafiri. Umeshuka kwenye ndege, unavuta kifundo cha pembeni hatua moja, na mshale wa saa unaruka peke yake, saa moja kila mruko, mbele au nyuma. Dakika hazisimami, sekunde hazisimami, na tarehe inaufuata mshale huo ukivuka usiku wa manane. Mshale wa nyumbani haukuguswa. Ya pili ni ya mtu anayekaa mahali pamoja na kupiga simu mbali: hapo mshale unaosogezwa peke yake ni ule wa ziada, na ukitaka kubadilisha saa ya mahali ulipo, huna budi kuisimamisha saa na kuipanga upya.

Saa tatu ninazozilinganisha hapa ni za msafiri zote. Nalitaja hili mapema kwa sababu ukianza kupekua matangazo utakutana na nyingine nyingi za bei nafuu zenye sura kama hizi, na utagundua tofauti siku ya safari ya kwanza.

Kuna jambo moja ambalo hakuna hata moja kati yake inaliweza. Mshale unaruka saa nzima nzima. India iko saa tano na nusu mbele ya saa ya Greenwich, Nepal saa tano na dakika arobaini na tano. Ukiwa London na watu wako wako Mumbai, mshale wa dakika ni mmoja tu, na utakuwa unakudanganya kwa nusu saa upande mmoja. Kama maisha yako yako kwenye mstari wa namna hiyo, lijue kabla hujatoa pesa.

Jinsi kila moja inavyosomeka

Rolex ndiyo yenye historia ndefu. GMT-Master ilitoka mwaka 1955, na marubani wa Pan American World Airways waliivaa. Mwaka 1982 ikaja GMT-Master II, na hapo ndipo mshale wa saa ukapata uhuru wa kuruka peke yake. Mshale wa nne, wenye pembetatu nchani, unazunguka mara moja kwa saa 24, na namba zake ziko kwenye pete ya nje. Ukielekea 22 kule nyumbani ni saa nne usiku, na hakuna nafasi ya kuchanganya na saa nne asubuhi. Wapo wanaolalamika kwamba kusoma namba za saa 24 kunachosha akili. Sisi tuliozoea tangu utotoni kuona 7 tukasema saa moja tunaweza kuvumilia hesabu hiyo ndogo. Halafu pete yenyewe inazunguka, kwa hiyo ukiisogeza unapata saa ya mahali pa tatu, kitu ambacho hizi nyingine mbili hazina.

Overseas Dual Time ya sasa, namba 7900V, ilitoka mwaka 2018. Mshale wake wa nyumbani una kichwa cha pembetatu na unazunguka kwa saa 12, kama mshale wa kawaida, kwa hiyo unausoma kwenye alama zilezile za uso. Upande wa 9 kuna kidirisha cha mduara kinachoonyesha kama nyumbani ni kabla ya adhuhuri au baada yake. Kijiduara cha chini kinaonyesha tarehe kwa mshale mdogo. Jicho linatulia haraka zaidi kuliko kwenye Rolex, kwani hakuna mizani mbili za namba. Ila zingatia kwamba kidirisha hicho kinasema habari za nyumbani, si za mahali ulipo. Nimewahi kumwona mtu akikisoma kinyume siku tatu mfululizo.

Aquanaut Travel Time, namba 5164A, ilitoka mwaka 2011, na kwa upande wa kusomeka nasema wazi kwamba ndiyo iliyonifurahisha zaidi. Ubavuni kushoto kuna vitufe viwili: cha kusogeza saa ya mahali mbele na cha kuirudisha nyuma. Hufungui kifundo, huvui saa mkononi. Usoni kuna vidirisha viwili, kimoja cha mahali ulipo na kimoja cha nyumbani, kila kimoja kikibadilika rangi kuonyesha usiku au mchana. Na mshale wa nyumbani umetobolewa katikati. Ukirudi kwenu, unajificha chini ya mwenzake na saa inabaki na sura ya mishale mitatu. Anayevuka mipaka ya saa kila wiki ataipenda kwa sababu hiyo moja tu.

Mkononi

Kipenyo hakitofautiani sana: Rolex milimita 40, Overseas 41, Aquanaut 40.8. Unene ndio unaohisika. Aquanaut ina kama milimita 10.2 na inateleza chini ya mkono wa shati. Overseas ina 12.8, na ukiweka mkono mezani utaijua ipo. Rolex iko katikati, karibu zaidi na Overseas. Kwa maji, Rolex imepimwa mita 100, Aquanaut ya 5164A ilitolewa na kipimo cha mita 120, Overseas 150. Vipimo hivyo vilikuwa vya siku ilipotoka kiwandani. Raba za kuzuia maji huzeeka, kwa hiyo saa iliyotumika ichukulie kwamba haiwezi maji kabisa mpaka fundi aipime kwa mashine ya shinikizo mbele yako.

Akiba ya mwendo nayo ina maana zaidi ya inavyoonekana. Rolex zenye mashine namba 3285, zilizoanza 2018, zinakwenda takriban saa 70 ukizivua. Overseas 60. Aquanaut haizidi 45. Yaani ukiivua Ijumaa jioni, Jumatatu asubuhi Rolex bado inatembea, Overseas imesimama muda si mrefu, na Aquanaut imelala tangu Jumapili. Kwa saa yenye nyakati mbili, kuipanga upya ni kazi kidogo kuliko saa ya kawaida: uipange ya nyumbani, kisha ya mahali, kisha uhakikishe usiku na mchana havikupishana.

Rolex iliyotumika: toleo gani?

Hapa nitakaa zaidi, kwa sababu chini ya jina hilo moja kuna saa tofauti kabisa, na ndiko wanunuzi wengi wanakoumia.

Ya 16710 ilitengenezwa kuanzia 1989 hadi 2007. Kasha lake ni jembamba, miguu yake (zile ncha zinazoshika mkanda) ni myembamba, na pete yake ina bati la alumini la rangi: nyeusi, nyekundu na nyeusi, au nyekundu na buluu ambayo watu huiita Pepsi. Bati hilo hutoka. Fundi akiwa na kisu chembamba analing'oa na kubandika la rangi nyingine kwa dakika chache, kwa hiyo rangi peke yake haikuthibitishii chochote. Kama muuzaji anataka nyongeza kwa sababu ni Pepsi, muulize ana ushahidi gani kwamba ilitoka hivyo.

Tazama pia maandishi madogo kabisa chini ya uso, pale kwenye 6. Za miaka ya mwanzo ziliandikwa kwamba zina tritiamu, ile ya kuwasha nukta gizani, kwa alama ya T baada ya neno Swiss. Kuelekea mwisho wa miaka ya tisini tritiamu iliachwa na kuwekwa rangi nyingine ya kung'aa gizani. Ukionyeshwa saa ya mwaka 1992 ambayo nukta zake zinawaka kijani kikali kitandani, ama uso umebadilishwa kwenye sevisi ama umepakwa upya. Uso wa sevisi si dhambi, lakini bei yake si ya uso wa asili. Na mishale ilingane na uso: nukta zikiwa zimegeuka rangi ya maziwa yaliyochemka huku mishale ni myeupe, mojawapo si ya pale.

Mwaka 2007 ikaja 116710LN yenye pete ya seramiki, isiyopauka na isiyokwaruzika kwa urahisi, ila ikipigwa pembeni huvunjika badala ya kubonyea. Mnyororo nao ukawa mzito, wenye vipande vigumu, wakati ule wa 16710 huwa na vipande vilivyo wazi ndani na baada ya miaka hulegea. Ushike kwa ubavu, uuache uning'inie: uliochoka utainama kama ulimi. 2013 ikatoka ya buluu na nyeusi, BLNR, na 2018 Pepsi ya seramiki katika chuma, 126710BLRO, ikiwa na mashine mpya.

Kwa mtu anayetaka saa ya kuvaa kila siku bila wasiwasi, mimi humwelekeza kwenye 116710LN. Haipigiwi kelele kama za rangi mbili, na inafanya kazi yote. Anayependa utaratibu huohuo wa kuruka kwa mshale na hajali pete inayozunguka aitazame Explorer II, namba 226570 ya mwaka 2021. Mashine ni ileile ya 3285, kasha ni kubwa zaidi, milimita 42, na presha ya soko ni ndogo.

Overseas: hesabu mikanda

Uzuri wa 7900V kwenye soko la saa zilizotumika uko kwenye sanduku kama ulivyo kwenye kasha. Iliuzwa na mikanda mitatu: mnyororo wa chuma, wa ngozi na wa mpira, na unaibadilisha kwa vidole, bila kifaa, kwa kubonyeza kijiti nyuma. Mikanda hiyo haipatikani popote kwa sababu maungio yake ni ya Overseas peke yake. Muuzaji akikuletea saa yenye mkanda wa mpira tu akasema mnyororo aliupoteza wakati wa kuhama, umekwisha kujua kwamba una bili nyingine inakusubiri. Hesabu vipande vya mnyororo, uliza kifungo cha mikanda ile mingine, kisha uifunge na kuifungua mikanda yote mitatu papo hapo.

Tarehe ya 7900V inapangwa kwa kitufe kilicho upande wa 4, chenye kifuniko cha kuzungusha. Watu husahau kukifunga tena wakaingia nacho majini. Kifungue, tazama kama kuna kutu au ukungu kwenye nyuzi zake, kifunge tena. Nyuma kuna kioo, na bawa la dhahabu linaloitia saa ufunguo linaonekana likizunguka. Hili lina faida kubwa kuliko urembo: unaona mashine bila kuifungua, ilhali kwenye Rolex mfuniko ni chuma tupu na inabidi umwite fundi.

Kabla ya hii kulikuwa na 47450, yenye milimita 42, saa ya pili ikiwa kwenye kijiduara chake, na kipimo cha akiba ya mwendo usoni. Ni saa nzuri, bei yake ni pole zaidi, lakini mikanda yake haibadiliki kwa vidole na uso wake umejaa mno kwa macho yangu. Ukiwa na haraka uwanja wa ndege, kijiduara kidogo hakikusaidii kama mshale mrefu.

Kuhusu soko: Overseas Dual Time haziuzwi nyingi kwa wakati mmoja. Ni faida kwa mnunuzi mwenye subira, kwani muuzaji naye anajua wanunuzi ni wachache na mazungumzo yanawezekana. Siku ya kuuza, uchache huohuo utakugeukia. Rolex ya chuma unaweza kuiuza kesho. Hii unaweza kungoja mwezi.

Aquanaut: mkanda uliokatwa, na karatasi isiyotolewa mara mbili

Watu wakisikia Patek huuliza bei kwanza, nami nitasema tu kwamba kati ya hizi tatu ndiyo inayokwenda juu kabisa. Kuna mambo mawili ambayo matangazo hayasemi.

Mkanda wa mpira wa Aquanaut hukatwa kwa kipimo cha mkono wa mwenyewe. Muuzaji wa kwanza alichukua kisu, akakata pande zote mbili mpaka ukakaa sawa kwa mteja wake. Kama mteja yule alikuwa na mkono mwembamba na wako ni mnene, mkanda huo haukufai na hauongezeki. Itabidi ununue mwingine halisi. Mwombe muuzaji apime kwa rula, akupigie picha rula ikiwa imelala kando ya kila upande wa mkanda.

Jambo la pili ni hati ya asili inayotoka na saa ikiwa mpya. Patek huitoa mara moja tu. Ikipotea, kampuni haitoi nyingine. Kwa saa za zamani inaweza kukupa dondoo ya kumbukumbu zake, inayosema lini ilitengenezwa na lini iliuzwa, lakini karatasi hiyo haina uzito uleule sokoni. Kwa Aquanaut yenye hati na isiyo nayo, pengo la bei ni pana kuliko kwenye saa nyingine mbili, na usilipe bei ya iliyo nayo kwa ahadi kwamba itatafutwa.

Vile vitufe vya kushoto vijaribu kwa utulivu. Kila ukibonyeza, mshale uruke saa moja kamili na utue juu ya alama, usibaki kati. Kitufe kizito upande mmoja na chepesi upande mwingine ni ishara ya kumwita fundi.

Polishi, na miguu ya kasha

Saa yangu ya kwanza ya nyakati mbili niliinunua kwa muuzaji aliyeisifia kwamba imeng'arishwa na inaonekana kama mpya. Iling'aa kweli. Nilikaa nayo miezi minne, mpaka siku rafiki alipoweka yake, ya toleo hilohilo, kando ya yangu juu ya taulo jeupe. Yake ilikuwa na ukingo mkali unaotenganisha sehemu ya kung'aa na sehemu ya kusuguliwa, mstari mwembamba kama wa wembe kutoka pembe moja mpaka nyingine. Yangu mstari ule ulikuwa umeyeyuka. Mguu mmoja wa kasha ulikuwa mwembamba kuliko mwenzake, na tundu la pini ya mkanda lilikuwa limesogea karibu na ukingo. Chuma kilichoondoka hakirudi, na nilipoiuza kila mnunuzi alikiona kabla yangu.

Tangu hapo naitazama saa kwa kuigeuza chini ya taa moja, polepole, nikifuata ukingo mmoja mpaka mwisho. Mikwaruzo hainitishi. Kasha lenye mikwaruzo midogo na kingo zilizo hai nitalichukua mbele ya linalong'aa kama kioo. Kwa Overseas tazama pete yake yenye pembe sita: polishi ikizidi, pembe zinaviringika na ule mfano wa msalaba wa Malta, nembo ya Vacheron, hauonekani tena vizuri. Kwa Aquanaut ni pete ya pembe nane iliyosuguliwa juu na kung'arishwa pembeni. Kwa Rolex ni miguu ya kasha.

Safiri na saa ukiwa umekaa kwenye kiti

Jaribio hili linachukua dakika tano na hakuna muuzaji mwaminifu atakayelikataa. Panga saa ya nyumbani, kisha upeleke mshale wa mahali mbele, saa moja baada ya nyingine, saa 24 nzima. Tarehe ibadilike mara moja tu. Sasa urudishe nyuma zote 24. Tarehe irudi ilipokuwa. Wakati wote huo mshale wa dakika usitikisike na wa sekunde usisimame. Ukisikia kusaga, au mshale ukiruka saa mbili mahali pamoja, weka saa chini.

Jaribio hilohilo hukamata bandia nyingi. GMT-Master II bandia, hasa zile za daraja la kati, zinapendeza kwa nje lakini ukivuta kifundo hatua moja kinachosogea ni mshale wa saa 24 badala ya wa mahali. Zipo zilizotengenezwa kwa ustadi zaidi ambazo hata hilo zinaiga, na kwa hizo dawa ni moja: fundi afungue mfuniko. Namba ya seriali nayo isomwe kwenye saa, si kwenye kadi pekee. Kwenye Rolex za zamani imechongwa kati ya miguu ya kasha upande wa 6, chini ya mnyororo, na kwenye za karibuni iko kwenye ukuta wa ndani unaozunguka uso. Tangu 2010 hivi namba hizo hazifuati mwaka, kwa hiyo anayekuambia mwaka kwa kuangalia namba ya saa mpya anabahatisha.

Namba hiyo uitafute pia kwenye rejista za saa zilizoibwa. The Watch Register ya London ni mojawapo. Saa iliyoibwa inaweza kuzuiliwa siku utakapoipeleka sevisi, na hapo huna saa wala pesa.

Kwa nani, kwa bei gani

Bei za saa hizi zilipanda sana mpaka mwanzoni mwa 2022, kisha zikashuka. Bado kuna wauzaji wanaoshikilia bei ya kipindi kile kwa sababu ndiyo waliyonunulia. Usiwabebee hasara yao. Tazama bei ambazo saa zimeuzwa kweli, si zilizoandikwa kwenye matangazo, na toa gharama ya sevisi kama hakuna risiti ya sevisi ya miaka ya karibuni. Rolex huhudumiwa na mafundi wengi wanaojitegemea. Overseas na Aquanaut kwa kawaida hurudi kwa watengenezaji, na kungoja ni kwa miezi.

Kwa Rolex kuna njia nyingine tangu Desemba 2022: saa zilizotumika ambazo kampuni yenyewe imezithibitisha, zikauzwa na wauzaji wake rasmi kwa dhamana ya miaka miwili. Unalipa zaidi. Kwa mnunuzi wa mara ya kwanza asiye na fundi wa kumwamini, naona inastahili. Ukinunua kwa mtu wa mbali, pesa zikae kwa mtu wa kati mpaka saa ikufikie na fundi wako aione. Chrono24, soko la saa la mtandaoni, wana utaratibu huo, na muuzaji anayekushawishi mtoke nje yake ili mwepuke ada, mwache.

Anayepiga simu mabara matatu na anayetaka kuuza haraka siku akibadili mawazo, achukue Rolex. Anayesafiri kila wiki na bajeti inaruhusu, Aquanaut yenye hati na mkanda mrefu wa kutosha. Mimi nimebaki na Overseas, 7900V ya uso wa buluu. Niliingoja miezi saba mpaka nikaipata yenye mikanda yote mitatu, kingo zake zikiwa bado kali, na mkwaruzo mmoja mrefu juu ya kifungo ambao muuzaji aliuonyesha mwenyewe kabla sijauona.